Bei ya Kichwa cha Shangazi

Kasenga, Uvira, tarehe 4 Septemba 2023

Shangazi yangu,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote wa hapo Bwegera, pamoja na yule mbuzi wako ambaye Nzeyimana anasema sasa analala mlangoni na anazuia wageni. Sisi hapa Kasenga tu wazima. Vanessa, ninayekaa naye chumba kimoja, anaumwa jino, lakini anakula vizuri kuliko mimi, kwa hiyo sina wasiwasi naye. Mama bado yuko Kalemie na mume wake. Anakusalimu.

Uliniambia nisikupigie simu kwa jambo la pesa, kwa sababu kwenye simu mimi hulia, wewe hukubali, halafu unajuta hadi asubuhi. Basi naandika, na Nzeyimana atakuletea kwa pikipiki. Macho yangu ni makavu kabisa.

Jambo lenyewe ni shule. Najua ulitaka nisomee uuguzi. Lakini wauguzi wa mtaani kwetu wanangoja kuandikwa na Serikali tangu mimi niko sekondari, na wakingoja wanauza maandazi. Mimi nataka kusomea koafure, kazi ya nywele, na urembo kwa Madame Aziza, pale njia ya kwenda sokoni. Ni miezi sita darasani, halafu staji ya kujizoeza saluni, na mwishoni mtu anapewa cheti, breve yenye muhuri. Minervali ya shule ni dola mia tatu, nusu sasa na nusu Januari. Najua ni nyingi. Lakini hapa Uvira kuna harusi kila Jumamosi, na hakuna bibi-arusi anayetoka nyumbani na nywele alizoamka nazo. Ndani ya mwaka mmoja nitakuwa nimekurudishia zote.

Nisaidie, Shangazi. Sina mtu mwingine wa kumwomba, na hilo unalijua.

Mwana wa kaka yako,
Délice

*

Bwegera, tarehe 19 Septemba 2023

Délice, mwana wa kaka yangu,

Barua yako imefika ikinuka petroli, nikaisomea nje. Sisi hapa wazima. Mvua zimeanza kutisha bila kunyesha. Dada yangu, mama yake Akimana, amerudia kukohoa kila anapoona jembe. Mbuzi anakushukuru kwa salamu.

Sasa nimeelewa. Nimekusomesha sekondari mpaka diploma ya Serikali, ukajua aljebra na mito yote ya Ulaya, ili mwishoni niongeze dola mia tatu ujifunze kusuka. Mimi nilijifunza kusuka nikiwa nimekaa kati ya magoti ya mama yangu, na minervali yangu ilikuwa kupigwa kitana kila nilipotikisika. Hakuna aliyenipa breve. Huyo Madame Aziza wako ana akili sana. Mwakani atafungua shule ya kunawa uso, na wewe utaniandikia tena na macho yako makavu.

Hayo ya kunirudishia ndani ya mwaka nayajua. Baba yako Libérat alinieleza hivyo hivyo alipotaka kufanya biashara ya ndagala. Mungu amrehemu, sikuona hata kichwa cha samaki mmoja.

Nina swali moja, unijibu wazi. Wale waliomaliza kwa Madame Aziza mwaka jana, leo wanapata kiasi gani? Usiniambie watakachopata. Nataka wanachopata.

Nzeyimana amebeba mfuko wa mchele. Ukiingiza mkono mpaka chini utakuta nusu ya kwanza. Usidhani nimekubali, nimechoka tu kubishana na karatasi. Ilikotoka pesa hiyo si kazi yako kuuliza.

Mimi shangazi yako,
Inamahoro

*

Kasenga, tarehe 12 Novemba 2023

Shangazi mpendwa,

Salamu zangu zikukute umekaa kivulini, ingawa najua hukai. Jino la Vanessa limeng'olewa, na sasa anacheka amefumba mdomo. Mchele ulikuwa mzuri. Kilichokuwa chini yake kilikuwa kizuri zaidi, na nilikilaza kwanza kwenye godoro nikakitazama.

Shule imeanza. Mwezi wa kwanza tumefagia, tumefua taulo na kukariri kwa Kifaransa matabaka ya ngozi. Sasa tumepewa kichwa cha plastiki chenye nywele za kizungu, kila kikundi na chake. Ilibidi tukipe jina. Mimi nilipendekeza kiitwe Inamahoro, kwa sababu hakitabasamu na hakuna kinachokiridhisha. Wenzangu wamelikubali jina. Usikasirike, ni kwa heshima, na tunakiosha kila siku.

Juzi tulifundishwa defriza, ile dawa ya kunyoosha nywele. Tumejifunza inakaa muda gani, inaoshwa namna gani, na kwa nini hupaswi kumwacha mteja nayo kichwani ukatoka nje kupiga gumzo. Madame alituonyesha picha za vichwa vilivyoungua. Wenzangu walicheka. Mimi sikuweza kula mchana huo.

Kuhusu swali lako, waliomaliza wanaendelea vizuri.

Nikija Noeli nitakusuka wewe kwanza. Hivi unajua kwamba sijawahi kuona nywele zako? Tangu utoto wangu nakujua na kitambaa tu, hata ukitoka kuoga. Mfanye mtoto wako afurahi.

Wako,
Délice

*

Bwegera, tarehe 7 Januari 2024

Délice,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa pengo la Vanessa. Noeli imepita na hukuja. Tuliiweka sahani yako mezani, halafu dada yangu akaila, na siku hiyo hakukohoa hata mara moja. Akimana amepata mchumba, kijana wa Kiringye mwenye masikio makubwa na adabu nzuri.

Unasema waliomaliza wanaendelea vizuri. Hata mgonjwa akizidiwa, nyumbani kwake husema hivyo hivyo. Niliuliza wanapata kiasi gani, ukanijibu kama waziri redioni. Nauliza mara ya pili.

Wakati unanitafutia jibu, nikupe habari za Belyse, yule aliyeacha shule darasa la nne. Anasuka hapa sokoni, amekalia kreti ya bia ya Primus iliyogeuzwa, bila breve wala kichwa cha plastiki. Anasuka vichwa vya kweli, vyenye chawa na vinavyopiga kelele. Mwezi jana amenunua mbuzi wa pili. Mimi sisemi kitu, natoa habari tu.

Mmekiita kichwa hicho Inamahoro, sawa. Mkishamaliza kujifunza, mkilete hapa, kinisaidie kuchota maji.

Kuhusu kunisuka, mpunga umechanua vizuri mwaka huu.

Nusu ya pili iko chini ya mchele. Ingiza mkono.

Inamahoro, ambaye hana plastiki

*

Kasenga, tarehe 25 Februari 2024

Shangazi,

Nakusalimu. Hapa tu wazima, ila maji ya ziwa yanapanda, na watu wa chini wameanza kuhamisha magodoro. Vanessa anakusalimu kwa mdomo wazi sasa, amezoea.

Mpunga uliochanua vizuri si wako. Nzeyimana alifikiri najua. Alipokuwa anateremsha mchele alisema, "Minye nilimuona shangazi yako mu shamba ya Ndihokubwayo, pa mufereji, anapalilia." Nikamwambia Ndihokubwayo hana shamba upande ule. Akanijibu, "Iko nayo sasa, alikodisha misimu mitatu." Shangazi, umekodisha lile shamba la karibu na mfereji, ambalo ndilo pekee ulilo nalo, halafu unakwenda kupalilia humo kwa kibarua. Na mchele unaonitumia unaununua dukani. Nimeona aibu mpaka nikaingia chini ya shuka.

Basi nakujibu swali lako, kwa sababu sasa najua linauliza nini. Nimewatafuta waliomaliza. Irankunda yuko saluni moja hapa Kasenga. Nusu ya malipo ya kila kichwa inakwenda kwa mwenye saluni, meshi, zile nywele za bandia, anajinunulia, na umeme ukikatika seshwari ya kukaushia ni pambo. Mwezi wenye harusi nyingi anabaki na dola hamsini, sitini. Sasa ni Kwaresima, hakuna anayefunga ndoa, anakula kwa dada yake. Mwingine hagusi vichwa kabisa, anauza meshi tu, na huyo anapata. Wa tatu ameolewa na mfanyabiashara, na Madame Aziza anamhesabu kama aliyefaulu kuliko wote. Picha yake iko ukutani.

Lakini ubaya zaidi ni ndugu. Walipojua niko shule ya koafure, walianza kuja kila Jumapili baada ya misa. Sikujua baba alikuwa na ndugu wengi hivi Uvira, siku ya mazishi yake hawakujaa hata benchi moja. Mtu anakaa, nasuka mpaka vidole vinavimba, anajitazama kwenye kioo, anainuka. Nikitaja bei wananiangalia kama nimewatukana. "Weye uko mwana wetu, utatulipishaka namna gani?" Mmoja aliniletea soda ya asante. Akainywa mwenyewe akinisubiri nimalize. Na meshi ni zangu, mafuta ni yangu. Madame Aziza ametufundisha matabaka yote ya ngozi, lakini namna ya kumlipisha mke wa baba mdogo haimo kwenye programu.

Kwa hiyo hesabu yako ilikuwa sawa na yangu ilikuwa ndoto. Nikiacha sasa, Ndihokubwayo atakubali kukurudishia shamba kabla ya muda? Nijibu, hata kwa simu. Nitalia, nakuonya mapema.

Délice

*

Bwegera, tarehe 2 Juni 2024

Délice, mwana wa kaka yangu,

Barua yako ya Februari nimeisoma. Barabara ilikatika kwa maji na Nzeyimana akakaa nayo. Halafu barabara ikafunguka, nikakaa nayo mimi. Sisi wazima. Mbuzi amezaa, na mtoto wake amefanana na mimi, anasema dada yangu.

Shamba ni la kwangu. Nikilikodisha kwa Ndihokubwayo au kwa Ibilisi mwenyewe, mwenye kulia juu yake ni mimi, na silii. Nzeyimana nimeshamwambia kwamba kazi yake ni kubeba mchele na mdomo wake aubebe umefungwa. Msimu haurudishwi, ukishalimwa umelimwa. Kwa hiyo usiache. Ukiacha sasa tutakuwa tumenunua nusu ya fundi kwa bei ya fundi mzima.

Swali langu umelijibu vizuri. Umechelewa, lakini umenijibu kama mtu mzima.

Sasa habari yenyewe. Akimana anaolewa tarehe 13 Julai. Familia imekaa kikao. Wameamua kwamba wewe utamtengeneza bibi-arusi pamoja na wanawake wote wa nyumbani, bure, kwa kuwa ni mtoto wetu na hiyo ndiyo itakuwa zawadi yako ya harusi. Dada yangu alisema, "Tulimusomesha, sasa na atusaidie." Huyo dada yangu, kwenye masomo yako, alitoa ushauri. Mimi nilikuwepo kikaoni na sikusema kitu.

Uje siku moja kabla, na vifaa vyote. Beba na mafuta ya ngozi ya kichwa, yale mazuri. Mengi.

Inamahoro

*

Kasenga, tarehe 21 Julai 2024

Shangazi uliyetoroka,

Natumaini umefika nyumbani, maana asubuhi ile baada ya harusi niliamka nikaambiwa umeshakwenda kuvuna mpunga wa Ndihokubwayo. Nilitaka kuzungumza na wewe juu ya jambo la Ijumaa, na kila nilipoanza uliniagiza chumvi. Karatasi huwezi kuiagiza chumvi. Kaa, usome.

Nilikuja Bwegera na hasira. "Mimi nilikuwepo kikaoni na sikusema kitu." Sentensi hiyo nilisafiri nayo njia nzima kwenye pikipiki. Nilijiambia, hata yeye. Amelipa kwa shamba lake, sasa anataka faida yake kwa vichwa vya bure kama wengine.

Nikapanga vifaa uani. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wamekwisha kufumua nywele, mama yake Akimana mbele kabisa, na mikono yao yote ni mitupu. Wakati huo ukatoka ndani ukiwa na kigoda. Ukakiweka mbele yangu, ukampita dada yako, ukakaa. Halafu, mbele ya wote, ukafungua kitambaa.

Sikujua niangalie wapi. Upande wa kulia, kuanzia juu ya sikio mpaka karibu na utosi, hakuna nywele. Ngozi inang'aa na imejikunja. Nilijua ni nini, nimeiona kwenye picha za Madame Aziza. Mtoto mmoja alipotaka kuuliza, mama yake alimfunika mdomo. Ukasema, "Kazi yako ni kusuka ao ni kuangalia?"

Nilipaka mafuta kwanza, polepole, hata kwenye kovu. Sikukaza. Nilisuka misuko mipana iliyolegea, ikalala kuelekea kulia, na sikuweka meshi, kwa sababu ngozi ile haipaswi kubeba uzito. Shangazi, una nywele nzuri, na mvi zake ni nzuri. Nilikuwa nalia juu ya kichwa chako, na najua ulisikia maji ambayo hayakuwa mafuta.

Nilipomaliza hukuomba kioo. Uliuliza kwa sauti ya kuita mbuzi, "Ni bei gani?"

Nikasema, "Shangazi, weye tena."

"Niliuliza bei. Sikuuliza ukoo."

Nikataja kidogo, kwa aibu. Ukasema, "Hiyo iko bei ya Belyse. Taja ya kwako." Nikataja ya saluni ya Uvira, ile kamili. Ukatoa pesa kifuani, ukanihesabia mkononi noti moja moja, polepole, kama unalipa mahari ya mtu. Halafu ukageuka. "Nani anafuata? Aikalie hiki kigoda na feza mu mukono."

Mama yake Akimana akasema, "Minye niko mama ya bibi-arusi."

Nawe ukamjibu, "Na minye niko shangazi ya huyu fundi, mwenye alimusomesha. Nimelipa."

Nilisikia mtu akifungua pindo la kitenge. Halafu mwingine. Dada yako alikohoa sana, lakini alilipa. Jumapili hii ndugu wa Uvira wamekuja wawili tu, na wote wamelipa, maana habari imefika kabla yangu. Wengine wameniambia wamebadili parokia.

Chini ya barua hii kuna bahasha. Si zote, ni zile za Bwegera pamoja na za wiki hii. Mpelekee Ndihokubwayo. Na uniambie ni nani aliyekufanyia vile. Nimekuomba mara nyingi nikusuke, ukanijibu kuhusu mpunga. Nilikutania kwa kile kichwa cha plastiki, na sasa nikikumbuka natamani kujificha.

Wako,
Délice

*

Bwegera, tarehe 4 Agosti 2024

Délice, fundi wangu ghali,

Salamu. Mimi mzima, mbuzi wazima, dada yangu anasimulia kila mahali kwamba ni yeye aliyekutafutia wateja. Akimana na yule wake wa masikio wamehamia Kiringye na wanapendana mpaka inachosha.

Bahasha nimeichukua. Kama ulitegemea niirudishe na machozi, pole. Nimempelekea Ndihokubwayo siku hiyo hiyo. Ameihesabu mara mbili, mtu mwenye imani ndogo, akanirudishia kipande kile cha karibu na mfereji kuanzia msimu ujao. Ni kidogo, lakini ndicho chenye maji. Kingine kitafuata ukiendelea kuwatoza hivyo.

Bei yako ni wizi. Nimeiwaza kwa wiki tatu na bado ni wizi.

Umeuliza ni nani. Ilikuwa siku tatu kabla ya harusi yangu. Nilitaka nywele zilale kama za wasichana wa mjini, nikavuka mpaka kwenda Bujumbura. Alikuwa msichana mdogo, mzuri, anaimba akifanya kazi. Alinipaka dawa, akatoka nje kuongea na mtu. Nilimwita. Alisema kuungua ndiko kunyooka. Alikuwa anaamini hivyo kweli, hakuna aliyewahi kumwambia vingine. Niliolewa nikiwa na kitambaa chini ya shela. Marehemu mume wangu alilijua kovu kwa vidole tu, gizani, na hakusema neno hata siku moja. Nilimpenda kwa hilo.

Ulipoandika kwamba mnafundishwa muda wa ile dawa, na kwamba hukuweza kula, nilikuwa nimekaa mlangoni na barua yako. Nilikuwa nimepanga kukunyima nusu ya pili. Belyse ninamsifu, lakini juzi nimemkuta na mkebe wa defriza, anauliza watu kama wanajua kusoma Kifaransa. Umpokee akija Kasenga, umfundishe. Nimemwambia alipe.

Hayo nimeyasema mara moja, usiyalete tena mezani.

Misuko yako imeanza kulegea. Nitakuja mwisho wa mwezi na Nzeyimana. Usinipunguzie bei, ila ujue nitalalamika mpaka watu wa saluni jirani wasikie.

Jumapili iliyopita nilikwenda misa bila kitambaa. Padri alipoteza mstari wa Injili, akautafuta kwa kidole. Tulipotoka nilisimama uwanjani na wengine, na jua likanichoma kichwani, upande ule ule. Nilikuwa nimesahau kwamba kichwa kinasikia jua. Nikakaa nalo kidogo kabla ya kwenda nyumbani.

Shangazi yako anayelipa,
Inamahoro